Gede si ya wageni peke yao: mwongozo wa siku moja ndani ya mji uliogeuka msitu

Mamangu ameishi Gede tangu alipoolewa, na mimi mwanawe wa tatu sasa nimepita miaka arubaini. Shamba lake la mahindi, mihogo na mikorosho michache haliko mbali na ua wa magofu. Kila siku ya soko alipita karibu na lango lile na kikapu chake kichwani. Aliyaona mabasi ya wanafunzi kutoka bara, aliwaona Wazungu na kamera zao, aliwaona kima wakitoka ndani kuja kumlia mahindi. Lakini kuingia, hakuwahi kuingia hata siku moja.

Likizo ya Disemba iliyopita nilimuuliza sababu. Akanijibu, "Kule ni kwa wageni, mwanangu. Sisi tutakwenda kutafuta nini?"

Jibu hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa bora kumliko. Nilipokuwa darasa la sita, shule yetu ilipanga ziara ya Gede. Ada ilikuwa ndogo, lakini mwaka huo korosho hazikuwa na bei, nikabaki nyumbani kuwinga kima. Baadaye nilisoma hadi nikapata diploma, nikaweza kukueleza habari za piramidi za Misri, lakini mji ulio nyuma ya shamba la mamangu nilikuwa siujui.

Basi tulikwenda: mama, binti yangu wa miaka kumi, na mimi. Makala haya nawaandikia wale walio kama sisi, wanaoishi karibu na Gede, Watamu, Malindi au Kilifi na hawajawahi kuvuka lango lile. Nitaeleza mahali penyewe ni pa namna gani, utaona nini, ujiandae vipi, na kwa nini naona ni muhimu twende.

Ni wapi, na ni mali ya nani

Magofu ya Gede yako kama kilomita 16 kusini ya Malindi, ndani kidogo ya barabara kuu ya Mombasa, karibu na njia panda ya kwenda Watamu. Wengine huandika Gedi. Jina hili husemwa limetokana na lugha ya Waoromo, na maana yake ni kitu cha thamani. Wenyeji wa kale huenda waliuita mji wao kwa jina jingine. Mtaalamu James Kirkman alidhani uliitwa Kilimani.

Daktari John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza kule Unguja, alifika hapa mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilipatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria. Mwaka 1948 pakafanywa mbuga ya taifa, na Kirkman akawekwa kuwa msimamizi. Alichimba na kusafisha magofu hayo kwa miaka kumi, hadi 1958. Mwaka 1969 ulezi ukahamia kwa Makumbusho ya Taifa, ambayo ndiyo yanayopasimamia mpaka leo. Na Julai 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi, UNESCO ililiingiza jina la Gede katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa hivyo swali la mamangu lina jibu la kisheria. Mahali hapa si pa mzungu wala pa hoteli. Ni pa umma. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inapalinda kwa niaba yetu sote, na mkulima wa Gede ana haki napo sawa na profesa wa Nairobi.

Palikuwa mji na viunga

Watu wengi wakiuona msitu wa Gede hudhani miti ile imekuwapo tangu Mungu alipoumba dunia. Sivyo. Msitu ndio mgeni. Waliotangulia ni watu.

Uchimbaji wa Kirkman, na baadaye ule wa Mfaransa Stéphane Pradines, umeonyesha kwamba hapa palikuwa na makazi tangu karne ya 11 au ya 12. Mji ulistawi zaidi katika karne ya 15. Ulizungukwa na ukuta wa nje uliofunga eneo la ekari 45, na ukuta wa ndani wa ekari 18. Ndani ya ukuta wa pili kuna jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za mawe za matajiri. Kati ya kuta mbili hizo waliishi watu wa kawaida katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha kuta za kutazamwa. Yeyote aliyelelewa katika miji yetu anajua kwamba mji wa Kiswahili haukai bila kiunga: mnazi hapa, mchicha pale, kuku wanaparura. Leo sehemu hiyo yote imefunikwa na miti.

Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 16, ukakaliwa tena, kisha ukahamwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni nyingi. Wazimba walipita pwani hii na kuiteka Mombasa mwaka 1589, kabla ya kuzuiwa Malindi. Waoromo walikuwa wakisogea kusini. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa, ikawa Malindi yenyewe imepungua nguvu. Na kuna sababu ya maji: visima vya Gede vilianza kukauka.

Jambo moja linalowashangaza wataalamu ni kwamba Wareno waliokaa Malindi karibu karne nzima, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, hawakuutaja mji huu katika maandishi yao yanayojulikana.

Utakachokiona ndani

Ukishapita lango, njia inakupeleka chini ya miti mikubwa mpaka kwenye magofu. Joto linapungua ghafla. Binti yangu alikuwa wa kwanza kusema, "Baba, kama tumeingia friji!"

Anza na kaburi lenye tarehe. Jiwe lake limeandikwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Mama alisimama, akajifunika vizuri leso yake, akatoa salamu kwa watu wa makaburini kama anavyofanya akipita makaburi yetu ya kijijini, akasoma Fatiha. Wageni wawili waliokuwa nyuma yetu walinyamaza wakangoja. Nikafikiri, miaka mingapi imepita bila ya huyu marehemu kusomewa na jirani yake?

Msikiti mkuu hauna dari tena, lakini nguzo zimebaki, na mihrabu bado ipo, na matundu yaliyopambwa kwa bakuli za kaure yanaonekana. Nje kuna kisima na birika la udhu. Mama alielekea kibla, akatazama jua, akaniuliza, "Ni ile ile?" Nikamwambia ndiyo, ni ile ile. Hakusema neno kwa muda.

Jumba la mtawala lina ua wa kuingilia, baraza la kusikilizia kesi na vyumba vya ndani vya wanawake. Nyumba zilizo karibu zimepewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Pesa za Kichina. Si majina ya wenyewe, lakini yanakueleza biashara yao. Kaure ya China, shanga za vioo, taa kutoka Bara Hindi, shanga ya Venice. Watu hawa hawakuwa na bandari mlangoni, lakini walifikiwa na bidhaa za dunia nzima.

Usiache kutazama vyoo. Vimejengwa kwa mawe na chokaa, vya kuchuchumaa, na mahali pa kutawadhia pembeni. Binti yangu alicheka, lakini mama alikagua kama fundi. Akasema nyumba nyingi za leo hazina choo cha namna hiyo.

Kisha kuna visima. Ni virefu na vimejengewa vizuri, ila maji hamna. Hapo ndipo niliposimulia habari ya mji kukosa maji, na mama akanitazama. Kisima chetu cha nyumbani, kilichochimbwa na marehemu baba, kiligeuka cha munyu miaka kadhaa iliyopita. Sasa tunanunua maji kwa mitungi. "Kwa hivyo waliondoka hivi hivi," akasema, "kwa sababu ya ndoo ya maji." Sikuwa na la kuongeza.

Msitu na wanyama wake

Hata kama huna hamu na historia, Gede ni mahali pazuri pa kutembea. Mibuyu minene imesimama katikati ya vyumba, na mitini ya porini imekumbatia kuta kwa mizizi yake hata hujui ni nani anamshikilia mwenzake. Hondohondo hupiga kelele juu. Vipepeo wako kila upenyo wa jua.

Ukinyamaza na kukaa, unaweza kumwona sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, anayeparura majani makavu akitafuta wadudu. Huyu anapatikana katika misitu ya pwani yetu ya Kenya tu. Makazi yake makubwa ni Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita mraba kama 420 ulio ng'ambo ya barabara kuu, ambao ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Sisi tulimwona mmoja kwa sekunde chache. Mama, ambaye anajua kila mnyama wa shambani, alimtambua mara moja na kumwita kwa jina la Kigiriama.

Kima, mahindi na vipepeo

Sitaki kuandika kama kwamba msitu huu ni rehema tupu kwa jirani. Kima wa Gede ni wale wale wanaoingia mashambani. Wamezoea watu kwa sababu wageni wengine huwapa ndizi, na kima aliyezoea ndizi ya bure haogopi tena mkulima mwenye fimbo. Mkulima anapoteza mstari wa mahindi, naye mgeni anarudi hotelini na picha nzuri. Mambo kama haya ndiyo yaliyofanya wengi wa kizazi cha wazazi wetu waone msitu kama adui, na miaka ya nyuma wako wakulima waliotamani hata Arabuko-Sokoke ikatwe igawanywe mashamba. Siwalaumu. Mtu mwenye njaa haoni uzuri wa mti usiozaa.

Jibu moja lilianza mwaka 1993, pale pale kwenye lango la Gede. Ni mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa na mtaalamu wa wadudu Ian Gordon. Wakulima wa kandokando ya msitu hufundishwa kufuga viwavi kwenye vizimba, wakiwalisha majani ya miti ya msituni. Kiwavi akishajigeuza buu, mkulima huleta mabuu kituoni, nayo husafirishwa kwa ndege hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kazi inataka haraka, kwa sababu buu hungoja siku chache tu kabla ya kipepeo kutoka. Faida yake ni kwamba msitu ukikatwa, majani hayapo, na mapato yamekwisha. Kwa hivyo mkulima analinda mti kwa sababu unamlipa. Kituoni unaweza kuwaona vipepeo ndani ya kizimba chao na kununua asali.

Mradi huo haujamfikia kila mtu, na haumfidii mamangu mahindi yake. Lakini unaonyesha kwamba mbuga na shamba zinaweza kuishi ua kwa ua bila ya mmoja kummeza mwingine.

Jinsi ya kwenda na adabu za kukaa

Kutoka Malindi, panda matatu ya Watamu au ya Kilifi ushukie Gede, kisha tembea au uchukue tuktuk hadi langoni. Anayetoka Kilifi au Mombasa ashukie njia panda hiyo hiyo. Nenda asubuhi, jua likiwa chini, ndege wako wengi na mbu wanavumilika.

Kuna kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto kidogo kuliko mtu mzima. Siku hizi malipo ya serikali hupitia kwenye simu, kwa hivyo hakikisha simu ina chaji na pesa, na ubebe kitambulisho. Kama mnakwenda kundi la shule, madrasa au chama, ulizeni bei mapema.

Chukua mwongozaji wa pale pale. Ni vijana na wazee wa eneo hili, wanajua kila jiwe, na ujira wao ndio chakula cha nyumba zao. Vaa viatu vya kufunika miguu, kwa sababu njia ina mizizi. Beba maji kwenye chupa ya kutumia tena: tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa.

Usipande juu ya kuta, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa na zimeshachoka. Usiandike jina lako ukutani. Usichukue hata kigae kimoja. Usiwape kima chakula, nakuomba kwa niaba ya mamangu. Na ukifika msikitini na makaburini, kumbuka ni msikiti na ni makaburi, hata kama dari limeanguka.

Wapo wanaoogopa kwamba Gede pana mashetani. Nimekua nikisikia hadithi hizo, na hata Kirkman aliandika kwamba alihisi kama kuna wanaomtazama. Sisi tulisoma Bismillahi tukaingia, tukatoka salama. Nadhani hadithi hizo zilisaidia kuilinda miti isikatwe, kwa hivyo sizidharau. Lakini zisitufungie mlango.

Kwa nini twende

Uwanja tuliochezea mpira tulipokuwa watoto leo una ukuta mrefu na lango la chuma. Hakuna aliyetueleza uliondokaje. Njia tuliyokuwa tukishukia ufuoni ikawa kichochoro, kichochoro kikawa ua wa mtu. Msomaji wa pwani hana haja nimtajie mifano, kila mtaa una wake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeeleza ardhi ya umma ni ipi. Lakini karatasi peke yake hailindi ardhi. Inayolinda ni macho ya watu. Mahali panapojaa familia kila Jumamosi ni vigumu kupauza usiku. Mahali ambapo wenyeji wamesema "pale ni kwa wageni" pameshatolewa nusu.

Hilo ndilo linalonipa wasiwasi juu ya Gede, na pia juu ya Mnarani pale Kilifi na Jumba la Mtwana kule Mtwapa. Orodha ya urithi wa dunia ni heshima, alhamdulillahi, na itawaleta wageni zaidi. Lakini ikiwa mtoto wa Gede anaujua mji huu kupitia picha za mtalii, basi tumepata jina na kumpoteza mwenyewe. Ningependa kuona shule zetu zinapanga ziara ambazo hazimwachi nyumbani mtoto aliyekosa ada. Ningependa wasimamizi watenge siku chache kwa mwaka ambazo majirani wa ua wanaingia bure. Mtu anayeliwa mahindi yake na kima wa mbuga ameshalipa kiingilio.

Tulikaa hadi adhuhuri. Tulikula mahamri na mbaazi tulizobeba, tukiwa nje ya lango, kwenye kivuli. Binti yangu alitaka kujua kama mtawala wa Gede alikuwa na watoto wa rika lake, na walicheza wapi. Mama akamwonyesha ua wa jumba kwa kidole, akasema, "Pale pale, wapi tena?"

Tulipofika nyumbani, kima walikuwa wameshafanya kazi yao; mistari miwili ya mahindi ilikuwa chini. Mama aliokota fimbo akawafukuza mpaka uani, akiwatukana kama kawaida yake. Kisha akarudi, akaketi kwenye mkeka, akaniambia nimuulizie bei ya watu kumi na wawili. Anataka kuwapeleka wanawake wa chama chake.